Njia ya kupanda Loleza: lantana, miwati na takataka. Tuanzie wapi?

Mwanaloleza (Mbeya mjini)

Wakuu, habari zenu. Tuko watu 20 hadi 25, kikundi cha kujitolea, na tumekubaliana kusafisha njia ya miguu inayopanda mteremko wa mlima Loleza. Kipande tunachokilenga ni kama kilomita tatu.

Hali ilivyo: chini, ukishaacha nyumba za mwisho, lantana, kile kichaka cha kigeni chenye miiba, imebana pande zote mbili hadi watu wawili wanapishana kwa shida. Katikati ni miwati, miti ya kigeni inayosambaa yenyewe, mingine membamba kama fimbo, mingine minene kuliko paja. Juu bado kuna nyasi za asili, mawe na vichaka vya kienyeji, ila miche ya miwati imeanza kuonekana mmoja mmoja. Takataka ziko njia nzima: chupa za maji, vifungashio vya biskuti, pampasi karibu na makazi, na vioo vya chupa za bia pale watu wanapokaa kuangalia mji.

Tuna mapanga manane, majembe sita na mashoka mawili. Hela ipo kidogo, ya glavu na viroba.

Tufanye mwezi gani? Lantana inakufaje, maana tunasikia ukiifyeka inarudi nene zaidi? Kuna mzee ametushauri tusubiri mwezi wa tisa tupige moto, ni sawa? Na takataka tukishazikusanya zinaenda wapi? Tulipanga kuanzia chini, kwenye lantana nene, ili watu waone tofauti haraka.

---

Msitu Mufindi

Mkuu, hongereni. Kwanza kibali. Njia nyingi za milimani huku kwetu zinapita ndani ya misitu ya hifadhi, na kwa Sheria ya Misitu ya 2002 hukati, hung'oi wala hutoi kitu humo bila ruhusa, hata kama unachong'oa ni mmea wa hovyo. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mhifadhi wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) wa wilaya, nakala kwa mtendaji wa kata na serikali ya mtaa. Itaje kipande (kuanzia wapi hadi wapi), mimea mnayoondoa kwa majina, zana na tarehe. Ombeni ofisa misitu awepo siku ya kwanza awaoneshe mpaka na miti iliyopandwa. Milingoti (mikaratusi) au paini iliyosimama kwa mistari ina mwenyewe, awe mtu, halmashauri au serikali, kwa hiyo isiguswe.

Moto hapana kabisa, mwambieni mzee kwa heshima. Mbegu ya muwati ina ganda gumu na hukaa ardhini ikiwa hai zaidi ya miaka 50. Joto la moto ndilo linalopasua lile ganda. Ukichoma Septemba, mvua za Desemba zinakuta mbegu zote zimeamshwa kwa mpigo, na mahali palipokuwa na miti kumi panaota zulia la miche. Lantana nayo inaungua matawi tu, kisiki chake kiko salama chini ya udongo na kinachipua kabla ya mmea wowote wa asili. Tena Septemba upepo ni mkali na moto hupanda mlima haraka kuliko mtu anavyokimbia.

Sasa mpango wenu wa kuanzia chini. Nauelewa, lakini nawasihi mugeuze. Anzieni juu, kwenye miche ya mmoja mmoja, kisha mshuke. Pale juu nyasi za asili bado zina nguvu. Ukiondoa muwati mmoja, pengo linazibwa na nyasi jirani na kazi imeisha. Watu 20 wakitembea kwa mstari, mita tatu kati ya mtu na mtu, wanaweza kupitia sehemu kubwa ya juu kwa asubuhi mbili. Chini mambo ni tofauti. Ukifungua lantana nene, jua linafika kwenye udongo wenye mbegu za miaka mingi, na usiporudi ndani ya miezi michache unakuta pamekuwa pabaya kuliko mwanzo. Vikundi vingi vinaanguka hapa: siku ya kwanza wanafungua nusu ekari, wanapiga picha, hawarudi. Kipimo ni kimoja tu, msifungue eneo kubwa kuliko mtakaloweza kulirudia mara tatu ndani ya mwaka.

Kwa sehemu ya chini mwaka huu fyekeni tu nafasi ya kupita, mita moja kila upande, kabla haijatoa matunda. Hiyo ni kunyoa, haiui, na watu waambiwe hivyo mapema wasije wakakata tamaa. Kuua anzeni na vichaka vilivyojitenga, vile vya pembeni kabisa ya uvamizi, mkielekea kwenye kitovu.

Namna ya kuua lantana. Kata kwanza matawi ya juu, ubakize shina la kama nusu mita la kushikia. Safisha udongo kuzunguka shina hadi uone mahali shina linapokutana na mzizi. Panavimba kama kifundo, na machipukizi yote hutoka hapo. Piga sururu uukate mzizi mkuu chini ya kile kifundo, sentimita 5 hadi 10 ndani ya udongo. Hamna haja ya kufuata mizizi ya pembeni, iliyobaki chini ya hapo haichipui. Halafu kitu ambacho wengi hukisahau: geuza kisiki, mizizi ielekee juu, ukiweke juu ya jiwe au juu ya matawi makavu. Kikilala ubavu kwenye udongo wenye unyevu kinashika upya. Angalia pia matawi yaliyoinamia ardhini, maana yanatoa mizizi pale yanapogusa, na kichaka kimoja kinaweza kuwa na vifundo vitano. Ukitoa kimoja ukaacha vinne, hujafanya kitu.

Kwa kazi hii majembe sita hayatoshi, tafuteni sururu. Sururu tano zenye mipini mizuri zina faida kuliko mapanga ishirini. Timu iwe ya watu wanne: mmoja panga, wawili sururu, mmoja anavuta matawi. Kwenye lantana nene, timu hiyo ikisafisha mita 10 kwa 10 kwa asubuhi moja imefanya kazi ya kutosha. Pangeni mambo yenu kwa kiwango hicho, msipange kwa matumaini.

Miwati ina njia tatu kulingana na unene. Miche hadi unene wa kidole cha mwisho ing'olewe kwa mkono udongo ukiwa umelowa. Shika chini kabisa, vuta taratibu. Ukivuta kwa hasira inakatikia shingoni na inachipua. Ile ya unene wa fimbo hadi kifundo cha mkono, kata kwa msumeno usawa wa ardhi, kisha menya gome lililobaki kwenye kisiki hadi ndani ya udongo. Muwati ukiukata juu, kwa mfano magotini, unatoa matawi mapya pembeni. Ukiukata chini na kuumenya, mara nyingi haurudi. Msikate kwa panga kwa mshazari. Kigingi chenye ncha kando ya njia kinatoboa buti, na mtoto akiangukia hapo ni balaa.

Minene, kama iko mbali na njia kuliko urefu wake, msiangushe. Menyeni gome kuzunguka mti mzima kuanzia kama mita moja hadi ardhini, pasibaki hata ukanda mwembamba kama kidole, maana mti utaishi kwa ukanda huo huo. Utakauka umesimama, na kivuli chake kinapungua polepole, jambo linalosaidia mimea ya chini. Watu wa Njombe wanajua gome la muwati humenyeka kirahisi wakati wa mvua na hugandamana na mti wakati wa kiangazi, kwa hiyo kumenya kufanyike Februari hadi Aprili. Minene iliyo karibu na njia nitairudia ukiuliza, hiyo si kazi ya kila mtu.

Miezi, basi: Januari hadi Machi kung'oa miche, Februari hadi Aprili kumenya, mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Juni kung'oa visiki vya lantana. Kipindi hicho cha mwisho udongo bado ni laini, na mvua ikikatika kinachong'olewa kinakauka kweli. Ukingoja Agosti, ardhi ni ngumu na sururu inaruka.

---

Mama Kitalu (Iringa)

Naunga mkono yote hapo juu, hasa la kuanzia juu. Niongeze mambo mawili yanayoharibu kazi nzuri.

La kwanza ni kung'oa mmea usio na hatia. Lantana sumbufu ina shina la pembe nne lenye vimiiba vilivyopinda kuelekea nyuma, majani mawili mawili yanayotazamana, yenye kukwaruza ukiyapapasa, na harufu kali ukiyasugua. Maua yake huchanganya rangi kwenye kishada kimoja, njano na waridi au njano na chungwa. Matunda ya kijani hugeuka meusi, na ndege ndio wanaoyasambaza. Kuna ndugu yake mdogo mwenye majani matatu matatu kwenye kila kifundo, shina halina miiba, matunda ya zambarau. Huo mwacheni. Kuna pia kichaka chenye maua meupe madogo ambacho watu huchemsha majani yake kwa kikohozi na mafua, kinafanana kwa harufu lakini hakina miiba. Nacho mwacheni. Sheria rahisi kwa wanaoanza: papasa shina kwa kidole kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Hakuna miiba, usikate, muulize kiongozi. (Miche michanga bado ina vimiiba laini, hapo tazama pembe nne za shina.)

Vilevile ule mmea wenye majani kama manyoya ya ndege unaojaa mahali palipoungua moto, ambao watu wengi huuita gugu, ni wa hapa hapa. Unalinda udongo hadi vichaka virudi. Kuufyeka ni kupoteza nguvu.

Na mkiwa juu kwenye nyasi, jamani, angalieni mnapochimba. Nyanda zetu za juu zina maua ya chikanda (okidi za porini), na mizizi yake inachimbwa kwa biashara ya kuvuka mpaka wa Zambia. Mtu akiona kundi la watu wana sururu mlimani atadhani na yeye ameruhusiwa. Kule juu msipeleke sururu hata moja. Miche ya muwati ya pale inatoka kwa mkono na msumeno mdogo.

La pili ni udongo. Mteremko uliong'olewa visiki ni udongo uliofunguliwa, na mvua ya kwanza kubwa itaupeleka mtoni. Ndiyo maana msisafishe ukanda mrefu unaoshuka na mlima. Safisheni vipande vinavyokata mteremko, upana wa mita tano, acheni mita tano zenye majani, kisha kipande kingine. Matawi ya lantana yaliyokauka yalazwe kwa mlalo wa mteremko, kama tuta, yakishikiliwa na vigingi vifupi. Yanashika udongo na yanaweka kivuli kwa miche ya asili. Yenye matunda yasilazwe hapo, yarundikwe sehemu moja mnayoijua ili mche ukiota muuone.

Kuhusu kupanda: juu kwenye nyasi msipande mti wowote, hata wa asili. Pale pamekuwa nyasi siku zote na panatakiwa kubaki hivyo. Kwenye bonde na kando ya vijito, mivengi, miti ya asili inayopenda maji, inafaa sana. Miche iwe na urefu wa kama nusu mita, ipandwe mvua zikishakolea, Desemba au Januari, umbali wa mita tatu hadi nne. Mashimo ya sentimita 40 kwa 40, udongo wa juu uwekwe upande wake na urudi kwanza. Kosa la kawaida ni kupanda Aprili kwa sababu kuna sherehe ya kupanda miti: mche unapata mvua ya wiki tatu kisha miezi sita ya ukame. Sehemu nyingine zote, subirini mwaka mmoja muone kinachojiotea. Mara nyingi kinatosha.

Jambo dogo kwa wenye mifugo jirani: majani na matunda mabichi ya lantana ni sumu kwa ng'ombe. Yanaharibu ini, na ngozi ya ng'ombe, hasa sehemu nyeupe, inaungua kwa jua. Ng'ombe aliyezoea eneo huikwepa ikiwa imesimama, lakini rundo lililokatwa likinyauka anaweza kulijaribu. Marundo yasiachwe malishoni.

---

Kijana wa Uyole

Kwa nini msitumie dawa ya magugu? Lita moja tu ingemaliza visiki vingi kuliko sururu tano kwa mwezi.

---

Msitu Mufindi

Dawa ina kazi yake, ila si kwa kikundi hiki. Kupulizia majani kwenye mteremko wenye mimea mchanganyiko kunaua na vile mnavyotaka kubakiza. Kupaka kisiki ndiyo njia ya kitaalamu, lakini lazima ipakwe dakika hiyo hiyo baada ya kukata, kabla jeraha halijaziba. Dawa yenyewe iwe imesajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kwa matumizi hayo, na mpakaji awe amefundishwa. Ndani ya hifadhi inahitaji kibali cha peke yake. Halafu vijito vinavyoshuka kutoka mlimani vinatumiwa na watu wa chini kunywa na kumwagilia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Na ukitazama njia kama hiyo, sehemu kubwa ya lantana iko kwenye makorongo kwa sababu ndege hutua kwenye miti ya mtoni. Sururu inatosha.

---

Afya na Mazingira

Mimi nichangie takataka, maana naona mmeziweka mwishoni na ndizo zitakazoumiza mtu.

Siku ya takataka na siku ya magugu zisiwe moja. Takataka kwanza, angalau wiki moja kabla. Lantana ikifyekwa juu ya takataka, vioo vinafunikwa na majani na mtu wa sururu anavikuta kwa goti. Baada ya kufyeka pitieni tena, kwa sababu ndani ya kichaka hutoka takataka za miaka mingi ambazo hamkuziona.

Gaweni watu wawili wawili: mmoja ana koleo au fimbo yenye msumari, mwingine anashika kiroba. Asiwepo anayeingiza mkono kwenye kichaka asichokiona ndani. Kifutu hulala hapo na hakimbii mtu anapokaribia. Piga kichaka kwa fimbo ndefu, subiri, kisha ingia. Mabuti marefu, suruali nzito, glavu za ngozi au za mpira mnene. Glavu za nailoni za bustani hazizuii kioo wala sindano. Akiumwa nyoka, alazwe, asitembezwe, kiungo kisifungwe kamba wala kuchanjwa, apelekwe hospitali. Kwa hiyo kabla ya kuanza mjue gari au bodaboda ya kumshusha inaweza kufika wapi.

Aina nne za takataka, vyombo vinne. Chupa za plastiki kwenye gunia kubwa: fungua kizibo, mwaga, kanyaga, rudisha kizibo. Gunia litabeba mara mbili au tatu zaidi. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu kati ya 15 na 20 tu, kwa hiyo kilo moja ni chupa kama 50 hadi 65. Msitegemee kupata hela nyingi, lakini wanunuzi wa makopo mjini huzichukua. Ongeeni nao mapema wawaambie kama wanataka vizibo vitenganishwe na kama wanakubali zenye tope. Vioo kwenye ndoo ngumu ya lita 20 yenye mfuniko, nusu ndoo tu, zaidi ya hapo haibebeki kwenye mteremko. Vipande vidogo msiviokote kimoja kimoja, fagieni pamoja na udongo wake kwa brashi ngumu na kizoleo. Pampasi na taka laini kwenye viroba viwili, kimoja ndani ya kingine, visizidi kilo 10 kwa sababu pampasi iliyolowa ni nzito na kiroba hupasuka katikati ya njia. Kundi la nne ni betri, sindano na makopo ya dawa za kilimo.

Sindano ziokotwe kwa koleo tu, ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kizibo cha kufunga, kama zile za dawa ya kufulia, na chupa ipelekwe kituo cha afya. Usirudishe kifuniko cha sindano. Mtu akichomwa, aoshe kwa maji mengi na sabuni, asibinye jeraha, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri inavyokuwa mapema ndivyo bora.

Msichome takataka mlimani na msizike. Kilichozikwa kinafukuliwa na mbwa au mvua. Kabla ya siku yenyewe mkubaliane na ofisa afya wa kata kuhusu gari la kubebea na saa yake, kisha mzishushe hadi mahali gari linapofika. Mrundiko ukilala usiku mmoja, mbwa wanautawanya wote.

Na kitu kimoja ambacho vikundi vingi hufanya kwa nia njema: kuweka pipa mwanzo wa njia au pale wanapoangalia mji. Kama hakuna mtu anayelipwa au aliyepangwa kulitoa kila wiki, pipa linageuka jalala ndani ya mwezi mmoja. Watu huweka pembeni yake likijaa, na upepo unapeleka vifungashio chini yote. Kibao cha "Ulichopanda nacho, shuka nacho" kinafanya kazi zaidi. Mifuko ya plastiki ya kubebea tumeipiga marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya biskuti na chupa za maji havimo, na ndivyo mtakavyookota zaidi. Ongeeni na maduka ya mwisho kabla ya njia. Wakipokea chupa tupu za wanaoshuka, nusu ya kazi yenu imepungua.

---

Mwanaloleza

Ndaga fijo, asanteni sana wakuu. Tumekubaliana kugeuza mpango, tunaanzia juu. Takataka zitatangulia.

Maswali mawili yamebaki. Akina mama wa mtaani wanataka kuni za miwati tutakayokata, tuwape? Na ile minene iliyo kandokando ya njia, ambayo Msitu amesema atairudia, tufanyeje?

---

Msitu Mufindi

Kuni: kutoa mazao ya msitu kwenye hifadhi kunahitaji ruhusa, kwa hiyo liingizeni kwenye barua ile ile, ofisa atawaambia utaratibu. Wakiruhusiwa, ni jambo jema sana, njia inasafishwa na watu wa mtaa wanakuwa upande wenu. Angalieni vitu viwili. Matawi yenye maganda ya mbegu yasishushwe njia nzima. Yakatwe na kubaki pale pale chini ya mti mama, ambapo udongo umeshajaa mbegu hata hivyo. Mkiyaburuta kilomita mbili mnapanda muwati kilomita mbili. La pili, kuni zitolewe siku za kazi tu na mbele ya kikundi. Zikigeuka biashara, atatokea mtu wa kuilinda miwati isiishe, au atakayekata na mti wa asili kwa kisingizio.

Minene ya karibu na njia: msiimenye. Mti uliokauka umesimama huanza kudondosha matawi, na baada ya mwaka mmoja au miwili unaweza kuanguka wakati wowote, na chini yake watu wanapita. Hiyo iangushwe na fundi mwenye mashine na kofia, kibali kikiwa mkononi, njia ikiwa imefungwa juu na chini kwa umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa mti. Kikundi kisogee kabisa. Kama hela ya fundi haipo mwaka huu, iacheni imesimama hai, kazi yenu iwe kung'oa miche chini yake kila Januari na Machi. Muwati hai mmoja si dharura. Mti mkavu juu ya njia ni dharura.

Tieni alama. Kilomita tatu ni vipande 30 vya mita 100. Jiwe lenye rangi na namba kila mita 100, na daftari moja: tarehe, namba ya kipande, kilichong'olewa, tarehe ya kurudi. Kwa watu wenu 25, mwaka wa kwanza vipande 10 hadi 12 vya juu vikisafishwa na kurudiwa mara tatu, mmefanya vizuri. Kurudi kwa kwanza ni wiki sita hadi nane baada ya mvua kuanza, wakati miche ni mirefu ya kuonekana na bado haijashika. Ukichelewa hadi Aprili, kila mche unadai sururu.

---

Mwakaleli Juu

Naingia kwa jambo moja tu ambalo halijaguswa, maji kwenye njia yenyewe. Lantana ikitoka pembeni, ukingo wa njia unakosa mizizi, na njia inageuka mfereji. Huku Rungwe kwenye mvua nyingi tunaliona kila mwaka.

Kabla ya mvua wekeni vizuizi vya kutoa maji. Mawe makubwa yapangwe kwa mshazari kukatisha njia, nyuzi kama 30 hadi 45, yakiwa yamezikwa theluthi mbili ili yasing'oke kwa kukanyagwa. Mahali pakali sana, kila mita 10 hadi 15. Penye mteremko wa kawaida, mita 20 hadi 30. Mlango wa maji uelekee upande wenye nyasi, kamwe usielekee kwenye kipande mlichotoka kung'oa visiki. Magogo ya muwati yanaweza kutumika lakini yanaoza, mawe ni bora na mlimani yapo. Kosa la kawaida ni kuweka kizuizi mraba na njia, nyuzi 90. Maji yanasimama nyuma yake, yanaacha tope, kisha yanaruka juu na kuchimba shimo upande wa chini. Mvua ya kwanza ikinyesha, mtu mmoja apite na jembe siku hiyo hiyo, maana majani yaliyofyekwa ndiyo yanayoziba milango.

Na mabuti yaoshwe pale pale mlipofanyia kazi, kabla ya kushuka, kwa brashi na maji kidogo. Mbegu za muwati hunasa kwenye tope la soli.